Salamu kwa Mtu Mwenye Gunia Kichwani

Kwenye sherehe ya kuniaga, msimamizi alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mimi, Wairimu, wakati wa Imajensi nilimvua msaliti gunia kichwani mbele ya wazungu nikaokoa stoo nzima. Watu walipiga makofi. Nikapewa blanketi na saa ya ukutani. Nilitaka kusimama niseme si kweli, lakini kile kipaza sauti kilikuwa kinalia mlio wa kutoboa masikio, na mlio kama huo unanivuruga kabisa, kwa hivyo nilimaliza soda yangu nikaenda nyumbani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Hadithi hiyo imenichosha. Kila mwaka inaongezwa kitu. Mwaka ujao mtasikia nilimpiga mtu teke. Mimi sikumvua mtu gunia. Gunia lile liliondoka likiwa kichwani kwa mwenyewe, na nilichofanya mimi ni kumsalimu.

Haya nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye karakana ya magunia. Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza umri ulipofika, mara ya pili baada ya kuitwa nirudi niwafundishe kushona kwa mkono, maana mashine haijui kuweka kiraka. Sasa nimetoka kabisa. Mambo ya vyeo sitayagusa, na hata ningeyagusa yangejaza mstari mmoja tu.

Kuna kitu mnapaswa kujua kwanza. Mmenizoea hivyo nilivyo: Cucu, bibi yenu, hamtazami mtu usoni, Cucu haelewi mzaha, Cucu ukimwuliza kama umenenepa atakwambia. Jina la jambo hilo nililijua nikiwa mzee tayari. Mpwa wangu alipeleka mtoto wake hospitali huko Nakuru, nami nikaandamana nao. Daktari akasema ni usonji, akaanza kueleza: mtoto haangalii watu machoni, kelele humtesa, anataka kila kitu kiwe vile kilivyokuwa jana, maneno huyachukua jinsi yalivyosemwa. Nikamwambia, "Daktari, hapo sasa unanieleza mimi." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Miaka ya hamsini neno hilo hatukuwa nalo. Tulikuwa na mengine: anaringa, amerogwa, hana adabu.

Nilianza kazi Rongai nikiwa msichana, kwenye stoo ya nafaka kando ya reli. Ngano na mahindi ya mashamba ya wazungu yaliletwa hapo, yakapimwa, yakapakiwa kwenye mabehewa. Magunia yalirudi matupu, yametobolewa na panya na kulabu za wapakizi, na wanawake walikaa sakafuni miguu wameinyosha, wakiyashona. Mama ndiye aliyenileta. Niliingia, nikaona rundo la magunia, nikakaa nikaanza kushona. Nilidhani ndicho nilichoitiwa. Wanawake wote wakasimamisha sindano.

"Huyu mtoto wa nani anaingia kama ng'ombe?" mmoja akauliza.

"Ai! Anaringa huyo. Hata hodi hajui."

Mama alikuwa bado mlangoni. Nilimsikia akishusha pumzi. Alikuwa amechoka nami, maskini. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimefukuzwa kazi kwa memsahibu mmoja, mke wa mzungu, aliyeniuliza kama keki yake ni nzuri, nikamjibu imeungua chini.

Mwanamke mwingine aliinuka, akachukua gunia nililokuwa nalo mkononi, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Huyo alikuwa Mama Esther, mkubwa wetu pale sakafuni. "Mshono ni mzuri," akasema. "Hiyo adabu tutaishona pole pole." Akamwambia mama aende nyumbani.

Yote ninayoyajua kazini nilifunzwa naye. Kiraka huwekwa kwa ndani, si kwa nje, ili uzito wa nafaka ukikandamize badala ya kukisukuma. Tundu la panya huliwekei kiraka mpaka ukate kingo zake zote zilizotafunwa, ufike penye nyuzi zenye nguvu. Ukizionea huruma nyuzi mbovu utashona gunia hilo tena wiki ijayo. Uzi wa mkonge upitishe kwenye nta. Gunia likung'utie nje, upepo ukiwa mgongoni, la sivyo utakohoa mpaka Jumapili. Sindano ya gunia, ile kubwa iliyopinda mbele, usimwazime mtu. Mimi bado ninayo ya kwangu ya kwanza. Kengele ya stoo, kile kipande cha reli kilichogongwa kwa nyundo, ilikuwa ikinitoa machozi, na ni Mama Esther aliyenionyesha kuziba masikio kwa manyoya ya mkonge.

Adabu nayo alinifunza kwa njia ya kazi, maana aliona ndiyo njia pekee inayoniingia. Alishika uzi usio na fundo, akashona mishono kadhaa, akavuta. Uzi wote ukachomoka. "Umeona?" akasema. "Salamu ndiyo fundo. Bila salamu, hata ufanye mema namna gani kwa watu, yatachomoka." Hapo nilielewa, kwa mara ya kwanza maishani, salamu ni za nini. Akanipa sheria: mtu yeyote ninayemjua, asubuhi nikikutana naye, nimsalimu kwa jina kabla ya neno lingine lolote.

"Hata kama amenikasirikia?"

"Hata kama."

"Hata kama sitaki?"

"Wairimu. Yeyote."

Alinitoa nje na kunirudisha ndani nikisalimu, mpaka wenzetu wakachoka kucheka. "Mtazame mtu usoni," akaniambia. Nikamjibu siwezi, uso unasogea sana, nikiutazama sisikii maneno. Alifikiri kidogo. "Basi tazama pale unapoweza." Nikatazama miguu. Miguu haina fujo. Baada ya muda nilijua miguu ya kila mtu pale Rongai, nyufa zake na makovu yake.

Wengi walizijibu salamu zangu kwa kuguna. Mtu mmoja hakuwahi kuguna, naye ni Baba Mwangi, mpimaji wa mizani. Alivaa akala, viatu vilivyokatwa kwenye tairi la lori. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa mweusi, jiwe la mizani liliwahi kuuangukia, na akisimama sana mguu wa kulia ulipanda kukwaruza kifundo cha mwenzake. Mamake aliitwa Wairimu kama mimi, na kwetu mtu akibeba jina la mama yako unamwita mama. Kila asubuhi alisimamisha mizani anijibu: "Mzuri, maitu." Yaani mama yangu. Msichana niliyekuwa nikiitwa ng'ombe! Nilikuwa nangoja neno hilo tangu nilipoamka. Ngano iliyomwagika chini ya mizani alimwachia Mama Esther aifagie, akajifanya anatafuta mawe yake mpaka mama wa watu afunge leso aondoke.

Kisha ikaja Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wazungu kuwasaka wapiganaji wa msituni na waliowalisha. Mmesoma shuleni, sitawasomea. Nitasema tu ilivyokuwa stoo. Watu waliacha kusalimiana. Ukimsalimu mtu leo na kesho akamatwe, utaulizwa mlijuana vipi. Mimi sheria yangu haikuwa na neno Imajensi ndani yake, kwa hivyo niliendelea kusalimu, na watu wakageuza nyuso. Mumewe Mama Esther alichukuliwa, akapelekwa kizuizini. Ile ngano ya kufagia ikaanza kwenda mahali. Wapi, sijui. Kila wanawake walipotaka kuzungumza, Mama Esther aliniambia, "Wairimu, hebu toka nje ukung'ute magunia." Nilikung'uta magunia safi! Niliumia sana, nikidhani hata yeye sasa hanitaki. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alijua nikiulizwa nitasema, akahakikisha sina cha kusema.

Asubuhi moja tulikuta lori na Landrova vimesimama penye jukwaa la kupakilia. Kengele haikupigwa, jambo lililonifurahisha. Afisa mzungu alikuwa amekaa mezani. Homugadi, askari wale wa kwetu waliokuwa upande wa serikali, walitupanga mstari. Kando ya meza alisimama mtu amevikwa gunia kutoka kichwani mpaka magotini, limetobolewa mahali pa macho. Watu kama huyo tuliwaita gakunia, kigunia. Wewe unapita mbele yake na yeye hasemi lolote. Akitikisa kichwa kukukataa, unarudi kazini. Akikiinamisha, unakalishwa chini kando ya lori, na hakuna wa kukuambia utarudi lini.

"Hakuna kuongea kwa laini!" homugadi mmoja alikuwa akipiga kelele.

Mama Esther alikuwa nyuma yangu moja kwa moja, mtoto wake wa mwisho mgongoni. Alishika nguo yangu. Baba wa watoto alikuwa ameshachukuliwa. Akichukuliwa na mama, wale watoto wangelala kwa nani? Hilo hata mimi nililielewa bila kuelezwa. Mbele yetu kichwa kiliinama, kikainama tena. Yule mama aliyesema siku ya kwanza kwamba ninaringa alikalishwa chini kando ya lori.

Nililitazama gunia. Lilikuwa la stoo yetu, na mtu alikuwa ameliwekea kiraka kwa nje. Nilikasirika kidogo. Kisha nikatazama chini.

Wenzangu wote waliona mtu asiye na uso. Lakini mimi uso wa mtu sijawahi kuutumia kwa lolote. Niliona akala za lori. Niliona ukucha mweusi. Niliona mguu wa kulia ukipanda kukwaruza kifundo cha kushoto. Ilikuwa asubuhi, na mtu huyo nilikuwa sijamsalimu. Tulikatazwa kuongea kwenye laini, na sasa sikuwa kwenye laini tena, nilikuwa nimefika mbele.

"Habari ya asubuhi, Baba Mwangi?" nikasema, kwa sauti ile niliyofunzwa, isiyojificha.

Lile gunia liligeuka kidogo, matundu yakatazama nyuma yangu, yakakaa hapo, kisha yakarudi kwangu.

"Mzuri, maitu," akajibu.

Homugadi alinizaba kofi nikaanguka. Afisa akawa anauliza, amesema nini, amesema nini? Mstari mzima ulikuwa umeshalipuka: "Wooi! Ni Baba Mwangi! Ni Baba Mwangi wa mizani!" Wakamsukuma ndani ya Landrova vile vile alivyo, gunia kichwani, mlango ukafungwa. Gakunia anayejulikana hana kazi tena, kwa hivyo ukaguzi ukaishia hapo. Wale waliokuwa wamekalishwa chini walipakiwa wakaenda, tafadhali mlisikie hilo, ninyi mnaosema niliokoa stoo nzima. Yule mama aliyesema ninaringa hakurudi Rongai. Mama Esther alikuwa bado hajafika mezani. Alirudi kushona.

Mimi nilifungiwa kwenye chumba cha mizani, nikaulizwa maswali.

"Nani alikuambia ni yeye?"

"Miguu yake."

"Miguu ilikuambia?"

"Haikusema. Niliiona."

Yule homugadi akamwambia mwenzake, "Hii msichana ni mwehu, toa yeye." Ndiyo mara pekee neno hilo limenifaa.

Wanawake waliniimbia kwa sauti ya chini. Walisema ni ujasiri. Niliwaambia haikuwa ujasiri, ilikuwa asubuhi, wakacheka wakaimba zaidi. Hadithi ilianza siku hiyo kuniponyoka. Mama Esther alinipikia uji, akanitazama nikinywa, machozi yakimtiririka. "Umenirudisha kwa watoto wangu," akasema. "Lakini usiimbe na hao."

"Siimbi," nikamwambia. Kwa kweli nilikuwa nangoja kesho ifike nisikie lile neno langu, na nilipofika kesho yake kwenye mizani kulikuwa na mtu mwingine aliyeguna. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Baba Mwangi hatukumwona tena. Wengine walisema alipelekwa wilaya nyingine, wengine walisema mabaya zaidi. Mimi sijui, na nisichokijua siandiki.

Miaka ilipita, tukishona. Imajensi ilipoelekea kuisha akaja mwanamke kuomba kazi, akapewa. Alikuwa Mama Mwangi, mkewe. Wanawake walimwekea nafasi mlangoni, pale upepo unapoleta vumbi lote. Hakuna aliyemsalimu. Hakuna aliyemwazima nta. Mimi nilimsalimu kila asubuhi, kwa jina, na kila asubuhi hakunijibu.

"Wairimu, wewe huna haya?" jirani yangu akaniuliza. "Wewe ndiye ulimfichua mumewe, na wewe ndiye unamsalimu?"

Nikamwuliza hilo linahusiana nini na asubuhi.

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu, na ilichosha, sitawaficha. Kumsalimu mtu asiyejibu ni kushona gunia linaloshikwa na upepo. Nilimwuliza Mama Esther kama sheria ina mwisho. Alisema haina. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kumsalimu mama yule, alijaribu mara moja akarudi nusu njia.

Siku moja nilikuwa nje nakung'uta, na Mama Mwangi akaja na rundo lake akasimama karibu nami.

"Wewe, nasikia huwezi kusema uongo."

"Naweza. Ila nasahau nilisema nini."

Hakucheka. "Siku ile. Kila mtu ananiambia yake. Ati ulimvua gunia. Ati alianguka, ati alilia. Ilikuwaje?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilipofika kwenye salamu akanishika mkono, kitu nisichokipenda, lakini nilimwacha.

"Alikujibu?"

"Alinijibu."

"Kwa mdomo wake?"

"Alisema, 'Mzuri, maitu.'"

Alikaa chini pale pale, juu ya magunia. "Mimi niliambiwa hakusema neno." Kisha akauliza, "Kabla hajajibu, alifanya nini?"

"Aligeuza kichwa akatazama nyuma yangu."

"Nyuma yako kulikuwa na nani?"

"Mama Esther. Na mtoto mgongoni."

Akatoa sauti ambayo sijui kuiandika. "Homugadi walikuja nyumbani siku iliyotangulia," akasema. "Walimtajia majina ya watu wa kuonyesha. La Mama Esther lilikuwemo. Wakamwambia asipomwonyesha, lori litakuja kwetu." Alifuta uso kwa kiganja. "Angenyamaza tu, wangesema wewe msichana una wazimu, wakusukume kando, apite Mama Esther. Alijua akikujibu atajulikana. Alijua, Wairimu. Ndiyo sababu alikujibu."

"Na lori lilikuja?"

"Lilikuja. Tulitupwa na watoto huko rizavu, ardhi waliyotutengea wazungu, hata sufuria hatukuchukua. Unadhani nilikuwa wapi miaka hiyo yote?"

Nilijua miguu, nilijua maneno, nilijua kichwa kiligeukia wapi, na nilikuwa nimebeba mambo hayo yote miaka hiyo bila kuyashona pamoja. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza. Walikuwa na hadithi yao tayari.

Niliingia ndani nikamweleza Mama Esther, neno kwa neno, mbele ya wote. Hakunituma nje kukung'uta magunia safari hii. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama hewani. Kisha akainuka, akakusanya magunia yake, nta yake na uzi wake, akaenda akakaa mlangoni, kwenye vumbi, bega kwa bega na Mama Mwangi. Mama Esther alisukuma nta ikawa katikati yao.

Kesho yake nilifika na salamu yangu tayari mdomoni. Mama Mwangi alikuwa ameshakaa. Sikupata hata kufungua mdomo.

"Habari ya asubuhi, maitu?" akaniambia.

Lile neno sikuwa nimeitwa na mtu tangu siku ya Landrova, nikashindwa kujibu upesi kama inavyopasa. Lakini nilijibu. Nikasema mzuri, nikakaa chini, nikachukua uzi, nikapiga fundo.